Mama Mmoja Tu kwa Kila Mfanyakazi

Chumba cha juu, nyuma ya kituo cha mafuta
3 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mkono unaoshika mashine ya kunyolea haujaanza kutetemeka, na wateja bado wanatoka dukani kwako na masikio yote mawili. Mimi ni mzima. Nilifika salama, nikalala, nikaamka, nikarudi kwenye mashuka. Hospitali hii haichoki kuchafua mashuka na sisi wa chumba cha kufulia haturuhusiwi kuchoka kuyafua. Nisalimie mama, nisalimie Mstaafu na Kiingereza chake, na fundi viatu wa jirani yako.

Msiba wa Mama Mkubwa bado uko nami. Kila nikikunja shuka nasikia akiniambia, kunja vizuri, pembe kwa pembe, hilo siyo karatasi ya vitumbua. Nakunja mamia kwa siku, na yote namkunjia yeye.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku mliyonipigia simu kwamba amefariki, nilimwendea msimamizi wangu. Tunamwita Tai, kwa sababu huvaa tai hata ndani ya mvuke wa mashine. Nikamwambia kwa lugha yake kwamba mama yangu amefariki. Wallahi sikuona uongo hapo. Mtu aliyenilea tangu nina miezi miwili mpaka namaliza shule, akaninunulia viatu, akanichapa kwa sababu ya hivyo viatu, ningemwitaje? Tai akanishika bega, akaenda ofisini, na kabla sijavua aproni nimepewa likizo ya msiba, maua, na kadi iliyosainiwa na idara nzima, mpaka na wale wa mapokezi ambao hawajawahi kuniitikia salamu.

Niliporudi nikakuta nimekuwa yatima rasmi. Wanawake wa pasi wananiletea mikate. Tai ananiuliza kila asubuhi kama nimeweza kula. Nikawa nashukuru, nakula, nanenepa. Mpaka juzi, Baba Mdogo, kilipofika kifurushi cha mama.

Ni sweta. Kafuma mwenyewe, na nje ya karatasi kaandika kwa kalamu nene, herufi kama za bango la mkutano: KUTOKA KWA MAMA YAKO. Neno mama linaeleweka hata huku. Kijana wa kugawa barua alilisoma, akanitazama, akalisoma tena, akanikabidhi kwa ncha za vidole. Mpaka saa ya chai chumba kizima kilikuwa kinanong'ona kwamba marehemu amenitumia nguo.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie mama, taratibu, kwamba akituma kitu aandike jina lako, siyo mama. Na umshukuru kwa sweta, ila umwambie apunguze soga anapofuma. Mkono mmoja umeishia kiwikoni na mwingine unafunika vidole. Nikitembea nalo watasema nina mkono mrefu, na mimi hapa nachunga kazi yangu.

Ni mimi mwanao,
wa mashuka

*

Dukani, kwenye kiti cha wateja
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kioo kikubwa kimepata ufa, sasa kila mteja anaondoka anajiona ana makovu, nami nawaambia hayo walikuja nayo. Fundi viatu amepandishiwa kodi, ameacha kuimba. Mstaafu anakusalimu, anasema barua yako ina makosa mawili lakini hatayataja kwa sababu uko msibani. Mama yako anakusalimu sana sana. Kila siku anauliza unakuja lini.

Ombi lako nimelisoma nikakaa chini. Unataka nimwendee shemeji yangu, mwanamke aliyekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, nimwambie: tafadhali, kuanzia leo jifanye umekufa, mwanao anakula mikate. Sitamwambia. Mwambie wewe kwa kinywa chako, na mimi nitakuwa nimesimama mbali, karibu na mlango.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti, maana huku hatuna siri, tuna foleni tu. Ikazuka hoja. Fundi viatu akauliza kwani hao watu wanamwitaje mama mkubwa. Mstaafu akaweka gazeti chini, na ukimwona Mstaafu anaweka gazeti chini ujue chakula cha mchana kimeahirishwa. Akasema kwa Kiingereza mama mkubwa ni anti. Tukasema sawa. Mama mdogo? Anti. Shangazi? Anti. Mke wa mjomba? Anti. Mke wangu mimi? Anti huyohuyo. Fundi viatu akasema hiyo lugha ina uvivu. Mimi nikauliza, na baba mdogo je? Mstaafu akavuta pumzi, akasema: anko.

Mwanangu, nilisikia vibaya. Unalijua neno hilo lilivyonitesa. Kila kijana asiyetaka kulipa anaingia hapa, anko nipunguzie, anko niandikie, anko nitapitia jioni. Konda ni anko, mlinzi wa benki ni anko, mlevi anayeomba moto wa sigara ananiita anko. Na anti ndiyo usiseme, ni yule wa saluni ya pili anayebandika kucha. Sasa leo naambiwa ndugu wa damu wa baba yako, niliyekushika mkono siku tunamzika, na mlevi wa sigara, wote tuko fungu moja.

Hapohapo kwenye kiti alikuwa kaka yako dereva wa lori, yule wa mama mwingine. Mstaafu akamwambia kwamba yeye kwa Kiingereza ni ndugu yako nusu. Mimi nilikuwa nimeshamnyoa upande mmoja. Nikazima mashine, nikamwambia basi nimemaliza, nusu iliyobaki siyo ya kwetu, aipeleke kwa wajomba zake. Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka mpaka nilipowasha tena.

Habari ya mikono ya sweta tuiache. Livae hivyo hivyo.

Baba yako mdogo

*

Chumba cha juu
11 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani muda mrefu, halafu ikakaa mfukoni mwangu kabla sijawa na nguvu ya kujibu. Huku joto limeanza, na chumba cha kufulia ni kama tunapikwa pamoja na mashuka. Nashukuru mko wazima. Mwambie kaka dereva mimi namtambua mzima mzima, mpaka visigino.

Neno la sweta limefika juu. Niliitwa ofisi inayoshughulikia wafanyakazi, kwa yule tunayemwita Mama Kanuni. Ni mtu mpole. Ana mmea mdogo mezani na anaufuta vumbi jani kwa jani. Akanikaribisha kiti, akaniuliza kwa sauti ya hospitali kama mama yangu amefariki au hajafariki. Nikamwambia amefariki. Akauliza nani basi kanitumia sweta. Nikamwambia mama yangu. Akafuta jani moja, akaniomba nianze upya.

Nikamweleza. Alichukua rula na penseli achore mti wa ukoo ili aelewe. Tukaanza vizuri. Akauliza nina ndugu wangapi, nikaanza kuwahesabu: wa nyumbani, wa baba mkubwa, wako wewe, wa Mama Mdogo wa kule bondeni. Nilipofika wa kumi na nne akasema hao wengine wanaitwa cousin. Nikamuuliza cousin ni wa kike au wa kiume, wa kwa baba au wa kwa mama, mkubwa kwangu au mdogo, nimwamkie au aniamkie? Akasema haijalishi. Baba Mdogo, nilimhurumia. Fikiria kuishi maisha yote hujui nani akuamkie. Mpaka tunamaliza, mti wake ulikuwa umegeuka kichaka na penseli imevunjika.

Akafungua kijitabu. Akanisomea kwamba likizo ya msiba ni kwa mama, baba, mume, mke, mtoto, kaka na dada, na kwamba kila mfanyakazi ana mama mmoja tu. Nikauliza, na anayezidi? Akasema anayezidi ni anti, na anti hana likizo. Ila hataniadhibu. Amesema atalichukulia kama tofauti ya utamaduni, na kwamba nijue tu, nafasi yangu ya mama imeshatumika.

Nilitoka nikicheka. Nilipofika kwenye mashine kicheko kikaisha, nikalitazama lile sweta nililolitundika ukutani. Halafu nikaanza kujumlisha. Barua mbili za mwisho za mama anwani imeandikwa na Mstaafu. Mwandiko wake naujua, unasimama wima kama askari. Kwenye simu mama anazungumza habari za majirani tu, na nikimuuliza anafuma nini ananipa wewe. Na wewe, mtu wa kusimulia ufa wa kioo ukurasa mzima, umeniambia tuiache habari ya mikono.

Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama ana nini?

Mwanao

*

Dukani
9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imekatika, wateja wamerudi, kodi ya fundi viatu imejadiliwa, anaimba tena, tunajuta.

Nimejaribu kuiandika barua hii mara kadhaa na kila mara naishia kwenye habari za fundi viatu. Wacha nipasue jipu. Mama yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kuficha kabla ya msiba wa dada yake. Siku ya mazishi ulidhani anakushikilia mkono kwa majonzi. Alikuwa anakushikilia kwa sababu haoni ngazi. Wiki iliyopita alinitilia chumvi kwenye chai, nikainywa yote, na nikaomba nyingine ili asijue. Sweta lako alilifuma kwa vidole tu. Nilikuta anapima mikono yake kwa kumpima paka.

Daktari amemtazama. Amesema anaweza kumtoa, ni kazi ya muda mfupi na wengi wanaona vizuri kabisa baada yake, lakini tusichelewe sana, maana ameshakomaa. Nikafurahi, nikadhani tumemaliza. Mama yako akakataa. Amesema hatakubali kisu mpaka uwe umekaa kando yake. "Wakinifungua macho," amesema, "wa kwanza kumwona awe mwanangu. Nikimwona daktari kwanza na nisione kingine tena, nitakuwa nimebaki na sura ya daktari." Tumembembeleza mimi, mke wangu na mchungaji wa jirani. Ametusikiliza vizuri, akatuambia tunywe chai.

Kwa hiyo njoo. Najua habari ya nafasi ya mama. Tumelizungumza dukani, na wananchi wamejitolea. Fundi viatu amesema umuue yeye, useme ni kaka. Mstaafu ameshauri umtumie bibi, lakini kijitabu chako nadhani hakina bibi. Mimi nimeona njia rahisi: baba yako mzazi alifariki hujaanza kazi huko, kwa hiyo nafasi ya baba ipo, haijaguswa. Niue mimi. Nimeshawaaga wateja. Ila wakituma maua wayatume dukani, kuna mahali pa kuyaweka chini ya kioo.

Usicheke peke yako. Hatuna muda.

Baba yako mdogo, bado hai

*

20 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa haraka niwahi posta, barua ndefu nitaileta mwenyewe kwa miguu. Nimepata likizo. Nakuja mwezi wa nane, mwanzoni.

Sikukuua. Nilikwenda kwa Mama Kanuni nikamwambia ukweli, kwamba mama aliyenizaa yuko hai na anapoteza macho. Akasikitika sana, alifuta mmea wote. Akasema kijitabu kina njia: nafasi ya mama inaweza kurudishwa, kama nitakiri kwamba yule tuliyemzika hakuwa mama. Ile likizo ya kwanza itahesabiwa kosa la maelezo, na hii itakuwa ndiyo ya mama. Akamwita Tai awe shahidi. Ikabidi niseme mbele yao kwa mdomo wangu.

Nikasema, alikuwa anti yangu.

Ni maneno machache tu na yameisha. Tai akanipa mkono. Ila sehemu hii usimsomee mama. Mwambie tu nakuja, aandae macho.

Mwanao

*

Dukani
14 Julai

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Tuko wazima, tuseme hivyo.

Unajua tangu macho yafifie mimi ndiye msomaji wake. Alikaa kwenye benchi la wateja, kitambaa kichwani, mikono magotini, tayari kwa furaha, maana bahasha ilikuwa nyepesi na yeye anasema barua nyepesi huwa na habari njema. Nikasoma. Nilipofika pale nikapaka rangi, nikasema, ameeleza mambo ya ofisini hapa, halafu nikaruka. Akaniambia: "Shemeji, umeruka. Ukiruka unameza mate." Nikakana. Akasema fundi viatu apewe asome, na fundi viatu, mwoga wa kuzaliwa, akasoma mpaka mwisho.

Mteja niliyekuwa namnyoa akaanza kujikuna kwa aibu. Mama yako akaniuliza anti ni nini. Mimi nikamtazama Mstaafu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mstaafu aliinua gazeti badala ya kuliweka chini. Nikasema ni mama mkubwa, kwa Kiingereza. Akasema hapana. Anti ni yule msichana wa kucha. Akasema yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, anaumwa kifua, maziwa hayatoki, na dada yake hakujaliwa mtoto. Akakuvisha, akakubeba mwenyewe mpaka kwa dada, akakuweka mapajani mwake. Na dada akamuuliza, umemleta kwa nani? Akajibu, kwa mama yake.

Halafu akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu aliniagiza nisiruke: "Mwambie sikumpa mtoto wangu anti. Nilimpa mama. Kama alikuwa anti, basi mimi nilimtupa mwanangu. Asije kwa likizo hiyo. Nitakaa na giza langu."

Mwanangu, mimi sikulaumu. Ningekuwa mimi ningesema hata kwamba alikuwa fundi bomba, ili mradi nipande ndege. Nimemwambia hivyo. Nimemwambia maneno ya ofisini ni ya ofisini, hayana roho. Akanijibu mbona dada alipofariki ulipewa likizo kwa neno mama, la ofisini hapohapo, na likakuleta mpaka kaburini? Nikamnyoa mteja zaidi ya alivyoomba.

Daktari ametupigia simu. Nimemwambia tunasubiri.

Baba yako mdogo

*

Chumba cha juu
28 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua mlinitegemea mwanzoni mwa mwezi na mlikaa mkisikiliza mlango. Nisamehe kwa kimya. Sikuwa na la kuandika mpaka nimelifanya.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mashuka machafu. Nilikasirika kwanza. Nilisema moyoni, mtu anapofuka na anagombania neno. Nikavaa sweta, na joto lote hilo, nikaenda kazini, nikawa nakunja. Pembe kwa pembe. Nikajikuta nalia, Baba Mdogo, mtu mzima na ndevu zake, shuka la watu linalowa. Maana niliposema lile neno mbele ya Tai, nilikuwa nimelisema kirahisi. Hilo ndilo linalonichoma. Halikunikwama hata kidogo.

Nikarudi kwa Mama Kanuni. Nikamwambia nayarudisha maneno yangu. Akauliza maneno gani. Nikasema, yule tuliyemzika alikuwa mama yangu, na huyu anayeumwa macho ni mama yangu, na kijitabu kama hakina nafasi ya wawili basi kina upungufu wa kurasa. Alinieleza kwa upole mkubwa kwamba hapo likizo yote inaanguka. Nikamwambia iangukie mbali. Akaandika kitu, akakifuta, akaniambia pole, na nadhani alimaanisha. Ule mchoro wa kichaka cha ukoo wetu ameubandika ukutani, sijui ni kama onyo au pambo.

Nikawa nimebaki na siku zangu za mapumziko tu, hazitoshi hata kufika na kurudi. Wanawake wa pasi waliposikia kwamba yatima wao ana mama, walinuna. Wawili waliacha kunisalimia. Mmoja alidai nirudishe mikate, ingekuwa rahisi ningerudisha. Mkubwa wao ni bibi mmoja mkavu, anapiga pasi tangu sijazaliwa, haongei. Alinisimamisha penye mlango wa stoo. Akasema yeye mama yake alikuwa akimtumia kadi kila mwaka, na anti wake ndiye aliyemlea, akamfundisha pasi, akamzika mwenyewe. Alimwita anti mpaka mwisho kwa sababu hakupewa neno lingine. Siku ya mazishi ofisi ilimpa asubuhi moja, na mchana alikuwa kwenye mashine.

"Zamu zako mbili nitafanya mimi," akaniambia. "Nenda."

Alipojitolea yeye, wengine wakaona haya. Wamegawana zamu zangu zote za nusu ya kwanza ya Oktoba. Hata yule wa mikate amechukua moja, kwa masharti. Tai amejitia hajui kinachoendelea, akaweka saini.

Kwa hiyo nakuja, bila likizo ya mama wala ya anti. Msomee mama barua hii yote, usiruke, na ukimaliza muulize kama nije. Nikisikia hapana nitarudisha zamu za watu.

Mwanao

*

Dukani
19 Novemba

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaamkia. Tumepata simu yako kwamba ulifika salama na zamu za watu umeanza kuzilipa. Mpe mikono yule bibi wa pasi, maana ni habari yake iliyomfanya mama yako aseme uje. Mama yako anamfumia kitu, na safari hii mikono inalingana.

Kioo nimekibadilisha. Wateja wanalalamika kwamba sasa wanajiona vizuri. Kaka yako dereva amenunua lori la pili na anataka kuliandika ubavuni "Ndugu Nusu", tumemkataza. Fundi viatu anasimulia safari yako kama vile alikuwa mkobani.

Hadithi ya kufunguliwa bandeji naisimulia dukani kila siku na kila siku inanoga. Sihitaji kukukumbusha, ulikuwepo, lakini sijui kama uliona sura yako. Umekaa mbele yake umechana nywele, umevaa lile sweta ili afurahi, daktari nimemsukumia nyuma ya pazia asionekane kwanza. Bandeji ikatoka. Akapepesa macho, akatazama uso wako kidogo tu, halafu akashuka mkononi, akaenda mkono wa pili, akarudi wa kwanza. Akasema: "Nani kakufumia takataka hiyo?" Mpaka leo muuguzi anatulaumu kwa zile kelele.

Ninalotaka kukwambia ni jambo jingine, ambalo hukuwepo. Wiki iliyopita nilimpeleka kupimwa jicho la pili. Muuguzi alikuwa mpya, binti mdogo, mwenye haraka. Alikuwa anajaza kadi ya mama yako, na kwenye kadi wanataka mtu wa kupigiwa simu kukitokea jambo. Tukakutaja wewe. Akauliza, na huyu ni nani wako?

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama yako akanigusa goti. Akamwambia yule binti: "Ni mtoto wa dada yangu. Dada ametangulia, mimi namwangalia tu."

Binti hakuinua hata kichwa. Akaandika kwa Kiingereza kwamba mama yako ni anti yako, akapiga mstari, akatupa kadi. Nilimwambia hapana, subiri, huyu ndiye aliyemzaa, rekebisha. Nilianza hata kupandisha sauti, wagonjwa wakageuka. Mama yako akaichukua kadi mkononi mwangu. Akaisogeza karibu na lile jicho lililopona, akaniuliza neno lenyewe ni lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akalisoma herufi moja moja, taratibu, na tangu macho yafifie hilo ndilo neno la kwanza nililomwona akilisoma mwenyewe.

"Ndilo hili?" akaniuliza.

Nikamwambia ndilo.

"Liache," akasema. "Dada aliitwa hivi akiwa hawezi kujibu. Na mimi niitwe hivi, tukae sawa."

Akaikunja kadi pembe kwa pembe, akaitia kifuani, akanishika mkono tukaondoka. Kwenye ngazi aliniachia, akashuka mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako mdogo